Singida Inakua, Sisi Tuko Dodoma Tunaandika CV

Likizo ya Desemba iliyopita tulikaa kikao cha familia nyumbani Mwankoko. Kwa wasiopajua, Mwankoko ni kata ndani ya Manispaa ya Singida, ila ukifika utadhani umetoka mjini zamani. Ni mashamba, mawe makubwa, upepo, na visima virefu ambavyo maji yake husukumwa kwenda kulisha mji. Agenda ilikuwa moja. Baba mdogo amepata mteja wa kununua eka mbili za shamba lililo karibu na barabara. Mteja ni mfanyabiashara, mtu mstaarabu kabisa, si mwenyeji wa Singida. Anataka kujenga ghala la alizeti.

Wazee walizungumza, shangazi akazungumza, kisha baba akanigeukia. "Na wewe msomi, unasemaje?"

Jamani, ndugu msomaji, sijawahi kuulizwa swali gumu namna ile katika ukumbi wowote wa mitihani hapa UDOM. Niko mwaka wa tatu, nasoma Biashara, mchepuo wa Uhasibu. Nimeshapiga mahesabu ya makampuni ya kubuni yenye mitaji ya mabilioni. Lakini eka mbili za babu yangu sikuwa na mahesabu yake. Nikasema, "Naomba mnipe muda mpaka mavuno." Baba mdogo akacheka. Nadhani alitegemea jibu la kisomi zaidi.

Makala hii imetokana na lile swali. Nawaandikia hasa wanachuo wenzangu mnaotoka mikoa ambayo watu wakiitaja huanza na neno "maskini".

Tulikua tukiambiwa Singida ni mkoa wa njaa. Ukienda shule ya bweni mkoa mwingine, ukisema wewe ni Mnyaturu, kuna mtu lazima atakutania kuhusu uwele na mlenda, au nyumba za tembe. Unacheka nao, unazoea, na mwisho unaanza kuamini kwamba maendeleo ni kitu cha kukifuata kwa basi. Kumbe Singida hiyohiyo ndipo barabara za kutoka Dodoma, Arusha na Mwanza zinapokutana. Simama jioni pembeni ya barabara kuu uhesabu malori. Alizeti, vitunguu vya soko la Misuna, asali, na kuku wa kienyeji ambao huko Dar es Salaam mtu anakula akisifia "kuku wa Singida" bila kujua Singida iko upande gani wa ramani. Mount Meru Millers wana kiwanda kikubwa cha kukamua alizeti pale mjini. Ikungi, mgodi wa Shanta ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2023. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima kwenda Tanga linapita mkoani kwetu. Reli ya kisasa inapita Manyoni. Mwaka 2021 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja Singida kukutana na wadau wa alizeti, kwa sababu wakati huo nchi ilikuwa inazalisha chini ya nusu ya mafuta ya kula iliyoyahitaji, na hela nyingi ilikuwa inatoka nje kuagiza mengine.

Kwa hiyo uchumi unakua. Sasa ingia kwenye ghala lolote, au kwenye mashine ya kukamua yenye ukubwa wa kueleweka, uulize nani anaandika vitabu. Nani anajaza ritani za TRA? Nani aliyepeleka sampuli TBS? Nani anayejua bei ya leo ya Dar kabla dalali hajafika kijijini? Nimefanya hivyo kwa udadisi wangu likizo mbili mfululizo. Wanaobeba magunia wanaongea Kinyaturu. Ofisini nilikuta watu wa kwetu wawili tu, na mmoja alikuwa mlinzi aliyekaa ndani kwa sababu ya jua.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tukiona hivyo tunasema, "wageni wamechukua mji." Nimeyasikia maneno hayo kwenye vijiwe vya kahawa na, kwa aibu, hata kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanachuo wa Singida. Siyakubali. Mgeni hakuja na bunduki. Alikuja na mizani, simu na daftari. Yule mteja wa baba mdogo ameona kwenye zile eka mbili kitu ambacho sisi tuliozaliwa juu yake hatukukiona miaka yote. Tena wapo waliozaliwa Singida ambao tunawaita wageni kwa mazoea tu. Mohammed Dewji alizaliwa Singida mwaka 1975, katika familia ya Kihindi yenye historia ya duka palepale mjini. Akaenda kusoma Georgetown, Marekani, akarudi kwenye biashara ya familia, na kuanzia 2005 hadi 2015 alikuwa mbunge wa Singida Mjini. Watu hupenda kutaja utajiri wake. Mimi kinachonivutia ni neno "akarudi". Alipomaliza chuo hakuona kwamba elimu yake ni kubwa mno kwa biashara iliyoanzia kwenye kaunta ya duka la mkoani.

Sisemi tuige kila kitu. Familia ile ilikuwa na mtaji, na jumuiya za wafanyabiashara wa Kihindi zilikuwa na kitu ambacho sisi hatuna: mtu anaaminiwa mzigo kwa sababu baba yake anajulikana, na mtoto anajifunza leja akiwa bado hafiki kaunta. Nakubali kabisa. Lakini hebu tujiulize, sisi watoto wa wakulima, mwaka wa kwanza tulipojifunza leja tulimfundisha nani nyumbani?

Kuna kisa mhadhiri mmoja alitupa kwenye somo la ujasiriamali, nikadhani kiko mbali mno na sisi. Ni cha Walatino wa Marekani, watu wenye asili ya Mexico na nchi nyingine za Amerika zinazozungumza Kihispania. Kati ya 1942 na 1964 Marekani ilichukua Wamexico kwa mikataba ya kibarua, wengi wao wakaenda kuvuna mashambani. Watu wa mikono, basi. Lakini mwaka 1979 wafanyabiashara wenye asili hiyo walianzisha chemba yao ya biashara ya nchi nzima. Lengo lilikuwa wenye maduka na wenye taaluma wajuane, ili mwenye mgahawa ampate mwanasheria na mhasibu anayeielewa lugha yake, na benki imsikilize mtu ambaye peke yake isingemfungulia mlango. Leo ni jamii ya watu zaidi ya milioni 60, na huko Texas huwezi kuzungumzia uchumi ukawaruka.

Nilipokuwa naandika notsi zile nikamkumbuka babu. Kizazi chake kilikuwa na watu waliokwenda kukata mkonge Tanga, manamba. Wakarudi na baiskeli, blanketi na hadithi. Hakuna aliyerudi na mkataba wa kuuza kitu.

Na msiniambie biashara haimo kwenye damu yetu. Kuna mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu wa upande wa Wahi. Mwaka 1970 kikatoka kitabu chake kuhusu uchumi wao. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba wafugaji na wakulima hawa walikuwa wakipiga hesabu kali: lini uigeuze nafaka kuwa ng'ombe, lini ng'ombe ageuke kuwa mahari au nafaka tena, nani umpe mnyama akutunzie na kwa faida gani. Wazungu wengi wa enzi zile walidhani Mwafrika anafuga kwa sifa tu. Schneider alisema hapana, hawa wanajua soko. Kwa hiyo bibi yangu alikuwa na taaluma ya fedha bila cheti. Mimi nimepata cheti, na sina hata kuku.

Mfano wa karibu zaidi uko Kilimanjaro. Wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, na 1933 kikaja KNCU. Vyama vile vilihitaji makarani, watunza stoo na wakaguzi wa hesabu, na watoto wa wakulima wakaona kazi ya kalamu ikifanyika palepale kahawa ilipo. Tunapenda kusema Wachaga wana akili ya hela. Labda. Mimi naona zaidi kwamba kwao kalamu na jembe vilikutana mapema.

Sasa niwaambie nilichofanya mwenyewe, maana ni rahisi kuhubiri.

Msimu wa 2022 alizeti ilikuwa na bei. Mama aliuza gunia kwa 70,000 mlangoni, akafurahi, akapanua shamba. Msimu uliofuata bei ikaanguka. Dalali akaja na 32,000 kwa gunia, na anataka gunia lenye kilemba. Nilikuwa nimerudi likizo ya mwaka wa kwanza. Nikaazima mizani kwa jirani, gunia la kilemba likasoma kilo 79. Lile la kawaida letu lilikuwa kilo 65. Nikamwomba mama aniachie magunia mawili ya kawaida. Akasema, "Haya mwanangu, ukiyapoteza utakula vitabu."

Nikayapeleka kwenye mashine mjini. Nikapata lita 35 na mashudu. Mafuta niliyauza 3,500 kwa lita, jumla 122,500. Mashudu nikamuuzia mfuga kuku kwa 28,000. Gharama: kukamua 12,000, usafiri 4,000, madumu 9,000. Ukitoa, inabaki 125,500. Dalali angenipa 64,000. Nilimwonyesha mama karatasi, akaikalia kimya muda mrefu kuliko mkaguzi yeyote.

Ila nisiwadanganye. Hesabu ile haimlipi mtu aliyezunguka kwa miguu wiki tatu nzima, na mtu huyo ni mimi. Lita 5 zilienda kwa mkopo na mpaka naandika hapa hazijalipwa, kwa hiyo mkononi nilishika 108,000. Nilipojaribu duka moja la mjini, mwenye duka akaniuliza alama ya TBS iko wapi. Nikabaki natabasamu. Alikuwa na haki. Chupa haina lebo, haina tarehe, na mafuta hayajachujwa vizuri, chini yana tope. Mtaalamu wa uhasibu mtarajiwa nikarudi na dumu langu kwenye bodaboda.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho mhadhara haukunipa. Kati ya gunia la mama na rafu ya duka kuna kazi nyingi za kisomi, na karibu zote hazina mtu kijijini. Kusajili jina BRELA. Kupata TIN. Kupita SIDO kuchukua barua ya utambulisho ili mzalishaji mdogo ashughulikiwe TBS. Kuweka daftari la gharama linalosomeka. Kuandika mkataba na mwenye mashine. Kupima unyevu wa mbegu na kujua kwa nini mbegu ya Rekodi ya jirani inatoa mafuta kidogo kuliko chotara. Mwenzetu wa Sayansi ya Chakula yuko hapa, wa Sheria yuko hapa, wa Kilimo yuko hapa, wa TEHAMA yuko hapa. Wote tunatoka mkoa mmoja, tunakutana mara moja kwa mwaka kwenye hafla ya kuwaaga wanaomaliza, tunakula pilau, tunapiga picha, tunaachana. Chama chetu cha wanafunzi wa mkoa kina katibu mwenezi na hata mlezi, lakini hakijawahi kuwa na orodha ya nani anajua nini.

Najua mtakachoniambia: mtaji. Ni kweli. Mwaka 2023 tulijikusanya vijana watano tukaenda kuulizia ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, unaogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Tukakuta imesimamishwa nchi nzima tangu Aprili. Ilirudi mwaka uliofuata, lakini sisi tulishatawanyika, mmoja yuko Mwanza anauza vifaa vya simu. Na boom, mnajua wenyewe, boom halina uwezo wa kununua hata pampu ya mashine ya kukamulia.

Kwa hiyo sina hamu na ile hotuba ya "jiajirini" tunayopewa kila mahafali na mtu ambaye mshahara wake unaingia tarehe ileile kila mwezi. Kumwambia kijana asiye na dhamana aanzishe kiwanda ni kumkebehi. Wala sisemi kila mtu arudi kijijini. Mwenye nafasi ya ajira nzuri aichukue, tena akumbuke nyumbani. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo, na nadhani kinawezekana. Kabla hujamiliki mashine unaweza kumfungia mahesabu mwenye mashine. Nimehesabu mashine ndogo nne ambazo wenyewe hawana daftari zaidi ya lile la madeni. Mmoja aliniambia hajui kama anapata faida, "ila hatujafa njaa." Mtu huyo anahitaji mhasibu siku mbili kwa mwezi. Wakipatikana kumi wa aina yake, kuna mshahara wa kuanzia, mdogo lakini wa kweli, na baada ya mwaka mmoja utajua biashara ya alizeti kuliko mtu yeyote mwenye shahada ya pili. Chuo cha TIA kina kampasi Singida na kinazalisha wahasibu kila mwaka palepale mjini. Wako wapi? Wako kwenye foleni moja na mimi, wanasubiri tangazo la ajira.

Na wazazi nao tuwaseme kwa heshima. Baba yangu aliuza ng'ombe ili nisome. Akiniona nimeshika dumu la mafuta ananiona nimepoteza ng'ombe wake. Kwake taaluma ni kiyoyozi na gari lenye namba ya serikali. Likizo ile ya madumu hakunisema, ila aliacha kunisindikiza nikitoka. Shangazi ndiye aliyenidokeza kwamba mzee anaona aibu kwa majirani. Msichana wa chuo kikuu anatembeza mafuta kama hakusoma! Hili linaumiza kuliko kukosa mtaji, na sijui dawa yake. Labda ni ile karatasi. Nilikuta baadaye mama ameikunja na kuiweka ndani ya kava la Biblia, na mavuno yaliyofuata alikamua magunia sita bila kuniuliza.

Nikirudi kwenye eka mbili. Nimejaribu kulifanya suala lile kama kazi ya darasani. Tukiuza, baba mdogo anamaliza nyumba yake na wadogo zangu wawili wanalipiwa ada. Si jambo dogo, na ni haki yake pia, shamba si langu peke yangu. Tukikodisha, mwenye ghala anajenga kwa mkataba wa miaka, ardhi inabaki, na sisi tunaweza kuomba sehemu ya ghala kuhifadhi mazao yetu mpaka bei ipande. Lakini mfanyabiashara mwenye akili atakubali kujenga juu ya ardhi ya kukodi ambayo haina hati? Nimemuuliza rafiki yangu wa mwaka wa nne Sheria. Akasema kwanza ardhi ipimwe, hati ipatikane, halafu mkataba wa kukodisha uandikwe na kusajiliwa. Nikamuuliza ni bei gani yeye kutuandikia. Akanitazama kana kwamba sijawahi kumjua. Miaka mitatu tunakula meza moja, hakuna aliyewahi kumuuliza bei ya kazi yake.

Ameniandikia rasimu. Kurasa tatu, Kiswahili kilichonyooka, hata baba mdogo ataelewa. Tumekubaliana nitamlipa kwa mafuta, lita 10, yaliyochujwa.

Juzi baba mdogo alinitumia ujumbe: "Mama, yule jamaa kapiga tena simu. Anasema kuna shamba jingine ameonyeshwa Mtipa." Nilimjibu shikamoo kwanza, kisha nikamwambia mtihani wangu wa mwisho ni Ijumaa na Jumamosi nitakuwa kwenye basi la asubuhi. Nikamwomba asimjibu mtu mpaka nifike, na kama haitakuwa usumbufu, anipitie kwa jirani aniazimie tena ile mizani.